Fuateni Nyayo, Msimpige Mchungaji

Wanangu mliokabidhiwa kompyuta za ofisi kule Musoma, Bunda na Butiama, nina neno nanyi kuhusu barua pepe za kitapeli. Nasema zile zinazokuja na jina la bosi, la benki au la mteja wa miaka mingi, zikidai nywila au zikielekeza fedha kwenye akaunti mpya. Namna ya kuzizuia mmefundishwa. Mimi nataka tuzungumzie siku kinga imeshindwa: barua imeingia, mtu amebofya, na mkuu wa ofisi anafoka, "Nani kafanya hivi?"

Swali hilo liwekeni mwisho.

Nyinyi ni watoto wa Mara, mnajua ng'ombe wakiibwa usiku kinachofuata. Yowe linapigwa, watu wanatoka, nyayo zinafuatwa. Kijiji zilikoingia hutakiwa kuonyesha zilikotokea, na kikishindwa, kinawajibika. Mchungaji hapigwi kwanza. Huyo ndiye shahidi wa kwanza: ndiye anayejua zizi lilivunjwa upande gani na lini. Mpigeni leo, na siku nyingine ataficha wizi mpaka asubuhi, mvua iwe imefuta kila alama.

Logi za barua pepe ndizo nyayo zenu, na mvua yake ni muda wa kuhifadhi. Kwenye huduma ya ofisi ya Google, utafutaji kamili wa safari ya barua unahusu siku 30. Uchunguzi wa kina wa Microsoft Defender nao kwa kawaida unarudi nyuma siku 30. Seva ya Linux mliyoisimika wenyewe mara nyingi huzungusha logi kila wiki na kufuta za zamani baada ya mwezi hivi, isipoelekezwa vingine. Mfanyakazi aliyeficha kosa lake kwa wiki sita kwa kuogopa matusi amewanyang'anya ushahidi mwingi. Mficha uchi hazai, walisema wazee. Na anayefanya watu wafiche ni yule anayewaaibisha hadharani.

Barua ikiripotiwa, ombeni barua yenyewe. Aliyeipokea asiwasambazie kwa kubonyeza tu kitufe cha kusambaza, kwa sababu vichwa vya asili hupotea njiani. Aihifadhi kama faili au aitume kama kiambatisho. Ndani yake someni mistari ya "Received" kutoka chini kwenda juu, maana kila seva inayopokea huweka mstari wake juu ya ile ya awali. Lakini mwizi hodari hupitisha ng'ombe mtoni kupoteza nyayo: mistari ya chini inaweza kughushiwa kabla barua haijafika kwenu. Mstari mnaoweza kuuamini ni ule ulioandikwa na seva yenu, na ile ya seva mnazozijua. Anwani ya IP iliyonakiliwa hapo ndiyo mwanzo wa kazi.

Msidanganyike na jina la mtumaji linaloonekana juu. Itifaki ya SMTP, iliyochapishwa mwaka 1982, haikuwa na njia ya kuthibitisha kwamba mtumaji ndiye anayejiita. Ndiyo maana baadaye zilikuja SPF, DKIM na DMARC. Hizi nazo zieleweni vizuri: kufaulu kwake kunaonyesha tu kwamba kikoa kilichotajwa ndicho kilichoruhusu barua. Tapeli aliyesajili kikoa chake mwenyewe, akaweka kistari mahali pa nukta, atafaulu vipimo vyote. Aliyeiba nywila ya mtu halali atafaulu pia.

Sasa ulizeni logi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na hapa kuuliza vibaya ni sawa na kutouliza. Wengi hutafuta kwa kichwa cha habari tu, wakipata barua tatu wanafunga jalada. Matapeli hubadilisha kichwa cha habari kwa kila mpokeaji. Tafuteni kwa anwani halisi ya kurudishia barua, kwa anwani ya IP, kwa kikoa cha kiungo kilichomo, kwa alama ya hashi ya kiambatisho. Kila jibu lizae swali la pili: nani mwingine alipokea? Nani alijibu? Nani alibofya?

Hatua hizo msizichanganye. Logi ikisema barua imepokelewa, ina maana seva imeipokea. Haisemi kwamba mtu ameisoma. Kusoma si kubofya, na kubofya si kutoa nywila. Kubofya mtakutafuta kwenye logi za viungo au za intaneti ya ofisi. Nywila kutumika mtaiona kwenye logi za kuingia: akaunti ya mhasibu aliyeko Nyasho, Musoma, imefunguliwa kutoka nchi ambayo hajawahi kukanyaga. Hapo angalieni sheria za kikasha. Mvamizi hupenda kuweka sheria ya siri inayopeleka nje barua zote zenye neno "malipo", au inayofuta majibu ya mteja kabla mwenye kikasha hajayaona. Kubadili nywila bila kuondoa sheria hiyo, na bila kufunga vikao vilivyo wazi, ni kumwachia mwizi ufunguo.

Saa nazo huwapoteza wengi. Mfanyakazi akisema alibofya saa nne asubuhi, saa ya ofisi ni 10:00, lakini logi nyingi huandika kwa UTC, hivyo mtaikuta 07:00. Kijana akitafuta 04:00 hataona kitu, ataandika "hakuna tukio". Logi kunyamaza si ushahidi wa usalama. Kabla ya kuandika neno hilo, hakikisheni dirisha la muda, herufi za kikoa, na kama logi zenyewe zilikuwa zimewashwa.

Msiseme matapeli hawaji kwetu. Tuseme kiwanda kinauza minofu ya sangara ng'ambo. Mvamizi akiingia kwenye kikasha kimoja, akasoma ankara kimyakimya, siku ya malipo anamwandikia mnunuzi kwamba akaunti ya benki imebadilika. Samaki wanakwenda, fedha zinakwenda kwingine. Google na Facebook, kwa utajiri wao wote, walilipa zaidi ya dola milioni 100 kati ya 2013 na 2015 kwa ankara bandia za Evaldas Rimasauskas wa Lithuania, aliyehukumiwa Marekani mwaka 2019 kifungo cha miaka 5. Na mwaka 2024, Septemba na Oktoba, INTERPOL na AFRIPOL waliendesha msako katika nchi 19 za Afrika, Tanzania ikiwemo, dhidi ya makosa ya mtandao, ulaghai wa barua pepe za kibiashara ukiwa mojawapo. Walikamatwa watuhumiwa 1,006. Hasara iliyohusishwa na makosa hayo ilikaribia dola milioni 193. Msako huo waliuita Operesheni Serengeti, jina la mbuga ambayo watu wa Bunda mnapakana nayo.

Msako wa namna hiyo hula kumbukumbu za watu kama nyinyi. Kwa hiyo nakilini logi mapema, ziwekeni mahali zisipoweza kubadilishwa, andikeni nani alizitoa na saa ngapi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama, inapopima ushahidi wa aina hii, itazame jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na uadilifu wake ulivyolindwa. Kisha ripotini: polisi, kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na TZ-CERT, kitengo cha kitaifa kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Walio ofisi za Serikali wasiiache pembeni Mamlaka ya Serikali Mtandao, e-GA.

Mkononi mwenu kuna uwezo wa kuona nani anamwandikia nani, usiku na mchana. Uwezo huo ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi lililowekwa. Mkichunguza barua ya kitapeli, ishieni kwenye barua ya kitapeli. Barua ya mwenzenu kwa daktari wake au kwa mchumba wake si yenu kuisoma, wala kuisimulia mkinywa chai.

Mkimaliza, taarifa yenu ianze na kilichotokea, ifuate mlichofunga na mlichobadilisha, na jina la aliyebofya liwe la mwisho, likihitajika. Aliyeripoti mapema mshukuruni mbele za watu. Ofisi inayopiga yowe ndani ya saa moja itaumizwa kidogo. Ofisi inayoogopana italipa ankara ya tapeli, na mwaka unaofuata italipa nyingine. Wanangu, wafundisheni wakubwa wenu hilo kabla barua inayofuata haijaingia.