Na Aliyeanguka Ashuhudie Nini?

Kila Jumapili hapa Nakuru, kutoka kanisa la mabati kule Kaptembwo hadi kanisa la vioo upande wa Milimani, kuna wakati wa ushuhuda. Mtu anasimama, anasema Bwana asifiwe, halafu anaeleza: amepata kazi, amenunua ploti Lanet, mtoto amepita KCSE, visa imetoka. Tunapiga makofi. Mimi napenda wakati huo. Mtu amesota miaka mitatu, leo amepata kazi, ukose kumpigia makofi una roho gani? Lakini kuna swali linanisumbua, na nadhani linasumbua wengi wetu tunaotafuta njia ya kuomoka. Kama kufaulu ni ushahidi kwamba Mungu yuko nawe, aliyeanguka ashuhudie nini?

Nina binamu aliyekuwa na vibanda viwili vya mitumba. Alitoa fungu la kumi, alipanda mbegu kila alipoambiwa apande, alikesha kwenye maombi hadi magoti yakaota sugu. Biashara ikaenda chini tu. Kodi ikapanda, bei ya beli ikapanda zaidi, wateja wakapungua, deni likamaliza kilichobaki. Wenzake kanisani walikuja kumwona, na swali lao la kwanza likawa: ni mlango gani umemfungulia shetani? Tangu hapo, Jumapili yeye hufua nguo. Nilipomuuliza aliniambia, “Mimi na Mungu hatujakosana. Ni vile maiki ikizunguka sina cha kusema.”

Hesabu ya wale wenzake ni rahisi. Ukiwa sawa na Mungu, mambo yako yatakuwa sawa. Mambo yako hayako sawa, kwa hivyo wewe hauko sawa na Mungu. Ni hesabu ya zamani. Marafiki wa Ayubu walikuwa nayo. Walipomkuta katika hali ile walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na kwa maoni yangu siku hizo saba ndizo zilikuwa huduma yao bora. Walipofungua midomo wakaanza kumtafutia kosa. Mwishowe kitabu chenyewe kinawakataa. Anayeungwa mkono ni Ayubu, yule aliyelalamika na kuuliza maswali magumu.

Hatuhitaji kwenda mbali kuona kwamba hesabu hiyo haitoki sawa. Uliza wazee wa Molo, Elburgon au Kuresoi kuhusu pareto. Kwa miaka mingi Kenya iliongoza duniani kwa maua yale meupe ya kutengeneza dawa ya wadudu, na kiwanda kilikuwa hapa Nakuru mjini. Pareto ilisomesha watoto na kujenga nyumba. Halafu, kuingia miaka ya 2000, malipo yakawa yanachelewa, yakazidi kuchelewa, na wakulima wengi wakang'oa mimea wakapanda viazi na mahindi. Je, vijiji vizima vilimkosea Mungu kwa pamoja? Wazee wale waliendelea kuamka alfajiri, kupalilia na kwenda kanisani. Anguko lao lilikuwa na sababu, na sababu hizo zilikuwa za usimamizi na soko.

Ndiyo maana hata lile neno la kufariji, kwamba yote ni mpango wa Mungu, linanitia wasiwasi. Likitamkwa haraka linampa nafuu mwenye hatia. Aliyekula pesa za watu anaenda zake, na aliyeliwa anabaki akitafuta somo la kiroho. Imani ya kweli lazima iweze kusema: hili ni baya, na kuna mtu wa kuulizwa.

Sasa tuangalie kufaulu kwenyewe. Kule Ngata, nje kidogo ya mji, kuna kasri la Lord Egerton. Ujenzi ulianza 1938, vita vikaukatiza, ukakamilika 1954. Mwenyewe alikuwa na ardhi, pesa na jina. Chuo cha kilimo alichoanzisha Njoro mwaka 1939 kwa ajili ya vijana wa walowezi ndicho leo Chuo Kikuu cha Egerton. Watu husimulia kwamba kasri lile lilijengewa mwanamke aliyemkataa. Iwe kweli isiwe, alikufa 1958 bila mke wala mtoto, miaka minne tu baada ya nyumba kwisha. Na bonde hili lilikuwa limefunguliwa kwa walowezi baada ya Wamaasai kuhamishwa kwa mkataba wa 1904, kwa hivyo kufaulu kwa mmoja kunaweza kusimama juu ya hasara ya mwingine. Kwa kipimo chetu cha ploti, nyumba na gari, Egerton angepigiwa makofi kuliko wote. Lakini ukitembea kwenye vyumba vile unajiuliza vilikuwa vya nani, na ukubwa wao haukujibu.

Wahamasishaji watakuambia kufeli ni ngazi ya kupandia. Maneno hayo yanasaidia siku mbili tatu, lakini bado yanasema thamani iko huko juu. Wasiofika je? Maana tukubali, wengine wetu hatutaomoka. Napenda zaidi methali yetu: asiyekubali kushindwa si mshindani. Inamruhusu mtu ashindwe na abaki mshindani.

Injili inaenda mbali kuliko hapo. Katikati yake kuna mtu aliyeuawa kama mhalifu, marafiki wengi wakatoroka. Utasema: lakini alifufuka, si hiyo ni kuomoka? Ndiyo, ila angalia anavyorudi. Tomaso anaonyeshwa alama za misumari. Ushindi haukufuta makovu, na hakuna aliyeambiwa kwamba msalaba ulikuwa kosa la kuficha. Kama Mungu alikuwa pale, basi hawezi kuwa anapatikana tu kwa waliofanikiwa.

Hapo ndipo naona maana, na haiko katika matokeo. Aliyepata ana swali la kujibu: nimepewa hiki nikifanyie nani nini? Aliyekosa naye ana lake: nimebaki na nani, na leo naweza kumtendea nani mema hata nikiwa mikono mitupu? Binamu yangu, kwa mfano, humwangalia jirani yake mgonjwa akimpikia uji kila asubuhi. Hakuna anayeita jambo hilo baraka. Mimi naliita hivyo.

Ukipanda Menengai utakuta watu wanaoomba mapangoni, wengine wamefunga siku kadhaa. Wanaomba kazi, ndoa, uponyaji. Sioni vibaya, mtu asipomwambia Mungu haja yake atamwambia nani? Jioni wote hushuka kwa njia ileile, atakayepata na atakayekosa, na hakuna anayejua ni nani kati yao. Ukiwa mmoja wao, tembea pole pole na aliye karibu nawe. Usimuulize amekosea wapi. Muulize kama amekula.