Aliyevuka Ziwa Bila Karatasi

Katika mjadala wa wakimbizi kuna kauli inayopendwa sana: waje, lakini waje kwa njia halali. Inasikika kama uadilifu. Tuipime.

Twende Nyanza-Lac, kwenye ufuko wa Tanganyika. Mwaka 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi, na jeshi likajibu kwa mauaji ya halaiki dhidi ya Wahutu. Watu wa pwani ile waliingia mitumbwini wakaelekea Kigoma. Mwaka 2015 makumi ya maelfu walijazana Kagunga, kijiji cha Tanzania kando ya ziwa. Kipindupindu kikawavamia, na meli kongwe ya Liemba ikawabeba hadi Kigoma. Nani kati yao angeanza kwa kuomba pasipoti kwa serikali ileile anayoikimbia?

Sheria yenyewe inalijua hilo. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 humtambua mkimbizi akiwa tayari nje ya nchi yake. Basi kuvuka hutangulia karatasi. Ibara ya 31 inakataza kumwadhibu aliyeingia bila kibali akitoka moja kwa moja kwenye hatari, mradi ajitokeze kwa mamlaka bila kuchelewa na aeleze sababu yake. Kumwita mtu huyu mhalifu ni kuidhulumu hata sheria tunayodai kuitetea.

Sisi Waislamu tuna kisa kinachotuhusu. Waumini wa mwanzo walitoka Makka kwa siri wakaenda Uhabeshi. Maquraishi wakatuma wajumbe na zawadi, wakitaka warudishwe. Najashi hakuwauliza nani aliwaruhusu kutoka. Aliwaita, akamsikiliza Ja'far bin Abi Talib, ndipo akahukumu, na zawadi akazirudisha.

Utasema: mwenyeji naye ana haki, na waongo wapo. Ni kweli. Kuni, maji na mashamba ya Kigoma si mali isiyo na mwisho. Lakini Najashi hakumkubali kila mtu kwa kufumba macho, alisikiliza kwanza. Kusikiliza ndiko kunakomtenga mkweli na mwongo. Mlango uliofungwa hauwatengi, huwafukuza wote wawili. Na mzigo wa mwenyeji ni hoja ya kusaidiana kuubeba, si ya kumrudisha mtu kwenye panga.

Tukumbuke pia kwamba ziwa lina pande mbili. Januari 2018 maelfu ya Wakongo walikimbia mapigano ya Fizi, wakavuka wakatua pwani ya Burundi. Aliyekuwa mgeni jana, leo amekuwa mwenyeji. Mimi na wewe hatujui kesho tutakuwa upande gani wa maji.

Kwa hiyo, kauli ile ikitajwa tena chuoni, tuulize swali moja: njia hiyo halali iko wapi, na nani ameifungua? Kama haipo, tunachomwambia mkimbizi ni kwamba abaki afe kwa utaratibu.

Wabillahi tawfiq.