Zamu ni Sehemu ya Wito

Wilayani Rungwe ni vigumu kuzungumzia kazi bila kugusa wito. Hospitali ya Igogwe ni ya Kanisa Katoliki, ya Itete ni ya Walutheri, Wamoravian wameweka mizizi hapa tangu mwaka 1891, na Dayosisi ya Konde ya KKKT inaongozwa kutoka mjini Tukuyu. Hata muuguzi anayelipwa na serikali pale hospitali ya Makandana, au mwalimu wa shule ya kata, mara nyingi amekulia katika mafundisho kwamba kumhudumia mtu ni kumtumikia Mungu. Mafundisho hayo yamejenga shule, zahanati na watu wenye moyo. Lakini yapo pamoja na swali ambalo haliulizwi sana: mtu aliyeitwa anapochoka hadi kazi yenyewe ikamchukiza, kosa ni la nani? Jibu la haraka ni kwamba imani yake imepungua. Basi aombe zaidi, afunge, ajikaze. Mimi naona jibu hilo ni kosa, kwa akili na kwa dini pia. Uchovu wa namna hiyo huonyesha, mara nyingi kuliko tunavyokubali, kwamba mzigo wa wengi umetwishwa mmoja, na walioutwisha ndio wa kwanza kuulizwa.

Kwanza tuutambue uchovu wenyewe, maana si kila aliyechoka amefika huko. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeueleza kuwa ni hali inayotokana na kazi, wala halikuuita ugonjwa: matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa. Limetaja dalili tatu. Mtu huishiwa nguvu. Moyo wake hujitenga na kazi au huanza kuidharau. Na huona kuwa anachokifanya hakina tija tena. Uchovu wa kawaida huondoka kwa usingizi wa usiku mmoja au kwa Jumapili moja ya kukaa nyumbani. Huu mwingine unaamka na wewe. Dalili ya pili ndiyo inayojificha zaidi kwa watu wa huduma, kwa sababu kazi inaendelea kufanyika. Muuguzi aliyekuwa akimwita mgonjwa mama au babu sasa anamwita kwa namba ya kitanda. Mwalimu anapitisha kalamu nyekundu kwenye madaftari ya darasa zima, tiki baada ya tiki, bila kusoma sentensi hata moja. Mchungaji anasimama kwenye msiba wa tatu wiki hiyo, anasema maneno yale yale ya juzi, na ndani yake hasikii chochote. Kwa nje hakuna kilichoharibika: rejista imejazwa, madaftari yamerudi, marehemu amezikwa kwa heshima. Ndiyo maana wengi hugundua hali yao baada ya miaka, pengine siku wanapomfokea mtu ambaye hakuwa na kosa lolote.

Wapo watakaosema haya ni maradhi ya Wazungu, ya watu wenye ofisi zenye viyoyozi na muda wa kujichunguza. Historia haikubaliani nao. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyeandika kuhusu hali hii mwaka 1974, hakuanza na wakurugenzi wa makampuni. Alianza na watu waliojitolea katika kliniki ya bure jijini New York, yeye akiwa mmoja wao, watu waliokwenda kuhudumia maskini baada ya kazi zao za mchana. Christina Maslach, ambaye mwaka 1981 alitoa na mwenzake kipimo kinachotumika hadi leo, naye aliwaanza wale ambao kazi yao ni kuwabeba wengine. Kwa hiyo wa kwanza kuonekana katika hali hii walikuwa watu wa moyo. Byung-Chul Han, mwanafalsafa wa Ujerumani aliyezaliwa Korea, aliandika mwaka 2010 kwamba binadamu wa leo anajichosha mwenyewe kwa kujisukuma afaulu zaidi na zaidi. Huenda ni kweli kwa Berlin. Muuguzi aliyebaki peke yake na wodi nzima usiku wa mvua hajisukumi kutafuta sifa. Amebaki hapo kwa sababu hakuna wa kumpokea.

Tukirudi kwenye Maandiko, ambayo ndiyo hutumika kumlaumu aliyechoka, tunakuta yanasema kinyume. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Musa anakaa kuwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni. Yethro, baba mkwe wake, hamsifu kwa bidii. Anamwambia kwamba jambo hilo si jema, kwamba atachoka yeye na watu walio pamoja naye, kisha anampa mpango: wawekwe wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, naye abaki na mambo mazito tu. Tuzingatie kwamba Yethro aliona wanaochoka ni pande mbili, anayehudumu na wanaosubiri kuhudumiwa. Eliya naye, katika Wafalme wa Kwanza sura ya 19, anaketi chini ya mretemu akiomba kufa. Kinachotangulia si karipio. Analala, analishwa mkate na maji, analala tena, analishwa mara ya pili. Baadaye anapolalamika kwamba amebaki peke yake, anajibiwa kwamba wamo watu 7,000 katika Israeli wasiopigia Baali magoti, na anaagizwa kumtia Elisha mafuta awe nabii baada yake. Hakuambiwa aongeze imani. Alipewa chakula, usingizi na mtu wa kumpokea. Waislamu wa Tukuyu nao wanaijua habari ya Salman, sahaba wa Mtume, aliyemkuta mwenzake Abu Dardaa akifunga mchana na kukesha usiku kwa ibada hadi mkewe akapuuzwa. Salman akamkumbusha kwamba Mola ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani kwake wana haki. Na Mtume alipoelezwa, akasema Salman amesema kweli.

Kwa Wamoravian ushahidi uko karibu zaidi, ndani ya historia yao wenyewe. Agosti 1727, katika kijiji cha Herrnhut huko Saksonia, wanaume 24 na wanawake 24 walikubaliana kuomba kila saa ya usiku na mchana, kila mmoja akiwa na saa yake. Wengine walijiunga, na lindo hilo likaendelea kwa zaidi ya miaka 100. Huwa tunalisimulia ili kuonyesha jinsi walivyokuwa na bidii. Tulitazame tena kwa jicho la mtu anayepanga kazi. Maombi yasiyokatika yaliwezekana kwa sababu hakuna mtu aliyeombwa kuomba bila kukatika. Aliyemaliza saa yake alikwenda kulala, na kulala kwake kulikuwa sehemu ya mpango ule ule uliolifanya lindo lidumu. Kutoka katika kanisa hilo ndiko walikotoka Theodor Meyer na wenzake, walioanzisha misheni chini ya mlima Rungwe mwaka 1891. Basi anayedai kwamba mtumishi wa kweli hahitaji wa kumpokea, anadai jambo ambalo waasisi wa imani hiyo hawakulidai hata kwenye sala.

Wanyakyusa, wenyeji wa wilaya hii, nao hawakuhitaji kungoja kufundishwa kwamba mtu haishi peke yake. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti hapa kati ya 1934 na 1938, walieleza vijiji vya marika: vijana wa kiume walitoka kwa wazazi, wakajenga pamoja, wakakua na kuzeeka wakiwa majirani. Ukwangala, yaani kukaa na wenzako, kula, kunywa na kuzungumza nao, ulihesabiwa kuwa sehemu ya utu mwema, na kijana aliyejitenga hakusifiwa. Kitabu cha Monica Wilson kuhusu vijiji hivyo kilitoka mwaka 1951. Sitaki kuipamba picha hiyo. Vijiji vilifuata marika ya wanaume, na jiko lilibaki kwa wanawake kwa kiasi kikubwa. Tena watafiti hao hao waliandika jinsi hofu ya uchawi na ya hasira ya majirani ilivyotembea katikati ya ujirani huo. Jumuiya inaweza kumbeba mtu, na inaweza pia kumkandamiza. Lakini udhaifu huo hauondoi hoja. Unaikaza: haitoshi kusema tuko pamoja, lazima ionekane nani anabeba nini, na mwanamke ahesabiwe.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi zito, la umaskini. Chai haina likizo. Jani likichumwa, majani mawili na chipukizi lake, linatakiwa lifike kiwandani mapema kabla halijaharibika, na baada ya wiki moja au mbili kichaka kilekile kinadai kuchumwa tena. Ng'ombe wa maziwa anakamuliwa asubuhi na jioni, Krismasi na Idi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, lakini haimfikii mama mwenye shamba lake ambaye watoto wake wamekwenda Mbeya na Dar es Salaam. Kumwambia apumzike ni kama kumtania. Nakubali, na kwa sababu hiyo hasa siamini kwamba kupumzika ni suala la mtu binafsi. Mama huyo atapumzika pale tu mtu mwingine atakaposhika kamba ya ng'ombe: mume asiyekwepa, jirani wa kupeana naye zamu, kikundi kinachochumiana. Na kuhusu hofu ya hasara, mkulima wa chai ana somo mkononi mwake. Kila baada ya miaka kadhaa huupogoa mchai kwa kina, akakubali miezi bila mavuno, kwa kuwa anajua mchai usiopogolewa hurefuka, hudhoofika na kutoa kidogo. Mkulima haoni miezi hiyo kuwa uvivu wa mchai.

Pingamizi la pili ni la uhaba. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2022 ulikuta kanda yake ya Afrika ina madaktari, wauguzi na wakunga 1.55 kwa kila watu 1,000, wakati kiwango kinachohitajika ni 4.45. Tukimpa muuguzi mapumziko, nani atabaki wodini? Swali ni la haki, ila jibu lake halimo katika kumtumia aliyepo hadi aishe. Muuguzi aliyechoka kupita kiasi hukosea dozi, humjibu vibaya mama mjamzito asirudi tena kliniki, na mwishowe huacha kazi. Uhaba tuliotaka kuuziba unakua. Pale watu wasipotosha, kiongozi ana wajibu mgumu zaidi: kuamua waziwazi ni kazi gani haitafanyika wiki hii, na kulibeba jina la uamuzi huo yeye mwenyewe. Bila hivyo uamuzi unafanyika kimyakimya kwenye mwili wa aliye chini, halafu analaumiwa kwa upungufu ambao hakuupanga. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kiongozi anayepanga zamu asiyoijua uzito wake ndiye aliyelengwa na methali hiyo.

Linabaki la tatu, nalo linagusa kiini cha dini: je, kujitoa hadi mwisho si ndiyo upendo? Waasisi wa misheni wengine walikufa kwa homa. Yesu mwenyewe, katika Marko sura ya 6, aliwaita wanafunzi wakapumzike mahali pa faragha, na umati ulipowatangulia akauhurumia, akaufundisha. Sitapunguza ukali wa habari hiyo. Kuna usiku ambao mtu mwema hatalala, na hapaswi kulala. Lakini sadaka hutolewa na anayeitoa; mwingine hawezi kumpangia kwenye ratiba. Dharura inayorudi kila Jumatatu si dharura tena, ni utaratibu mbovu uliovikwa jina zuri. Anayedai sadaka ya mwenzake mwaka mzima, wakati yeye angeweza kugawa kazi, hatendi kwa imani. Anajiondolea gharama na kumhamishia mtu asiyeweza kukataa.

Kwa aliyekwisha kuelemewa, hatua za kwanza ni za kawaida na hazina aibu. Amwambie mtu mmoja anayemwamini, kabla hajaandika barua ya kuacha kazi. Amwone daktari, kwa maana sonona na upungufu wa damu hufanana na uchovu huu na vina tiba yake. Aidai likizo yake kama haki. Kisha mzigo urudi kwa wanaopaswa kuubeba. Baraza la wazee la usharika lipange nani anakwenda msibani, mchungaji asiwe peke yake kila kaburi. Mwalimu mkuu agawe vipindi kwa kuhesabu na madaftari, si saa za darasani tu. Vyama vya wafanyakazi, CWT kwa walimu na TUGHE kwa watumishi wa afya, viulizie ratiba kwa nguvu ile ile vinavyoulizia mishahara. Na padri, mchungaji au shehe anapojiwa na mtu aliyechoka, kabla ya kumuuliza anasali mara ngapi, amuulize nani anampokea zamu. Kama hakuna, basi hapo ndipo kazi ya kichungaji inapoanzia, na wa kuifanya ni jumuiya nzima.