Warudishieni Mbawa Zao

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu wote. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, kila likizo inapokaribia tunaulizana: mwaka huu jumuiya itatembea wapi? Wengi wanataka kuona wanyama na ndege wa nchi yetu, nami nawaunga mkono. Katika Suratul An'aam, aya ya 38, Allah anatufahamisha kuwa wanyama wa ardhini na ndege wa angani nao ni umma mbalimbali, kama tulivyo sisi. Basi anayekwenda kuwatazama aende na adabu ya mgeni.

Napendekeza tuanzie hapa hapa Kigali, kwenye Umusambi Village. Pale wanaishi korongo taji, ambao kwa Kinyarwanda tunawaita imisambi. Ndiye ndege aliye kwenye bendera ya Uganda. Uzuri wake ndio uliomponza. Watu walimtoa kwenye vinamasi wakamfuga majumbani na hotelini kama pambo, na wengine walimkata mbawa asiruke. Tangu 2012 amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Waliokombolewa wakiwa wazima walipelekwa Akagera ili warudie maisha ya porini. Waliobaki Kigali ni wale ambao mbawa zao hazitawarusha tena.

Nilipowatazama nilikumbuka Suratul Mulk, aya ya 19, inayotutaka tuwaangalie ndege juu yetu, wanavyokunjua mbawa na kuzikunja, na hakuna anayewashikilia ila Ar-Rahman. Ikiwa Yeye ndiye anayemshikilia ndege angani, je, anayemkata bawa ili apendeze uani kwake anashindana na nani?

Amepokea Abu Daud kutoka kwa Ibn Mas'ud (r.a.) kwamba masahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume (s.a.w.). Wakamwona ndege mwenye makinda mawili, wakayachukua. Mama yao akaja akipigapiga mbawa. Mtume (s.a.w.) aliporejea aliuliza ni nani aliyemhuzunisha kwa watoto wake, akaamuru arudishiwe. Tazama, ndugu yangu: walikuwa watu wema, tena walikuwa safarini kama tutakavyokuwa sisi. Mtume hakuishia kuwakanya. Aliwaambia warudishe.

Kutoka Kigali twende mashariki, Akagera, tukaone maana ya neno hilo. Baada ya 1994 simba waliuawa pale, hata kwa sumu, mpaka wakatoweka kabisa. Mwaka 2015 waliletwa simba 7 kutoka Afrika Kusini, na 2017 wakarejeshwa faru weusi. Kilichoharibiwa kwa mikono ya watu kilirudishwa kwa mikono ya watu. Toba nayo iko hivyo: anayejuta hurudisha haki kwa mwenyewe. Mwenye nafasi zaidi afike msitu wa Nyungwe, kusini magharibi, akawaone sokwe na mbega.

Huko tuendako tusiwatupie nyani chakula, tusiwapigie kelele wanyama ili wageuke tupate picha, wala tusiache chupa wala mifuko nyuma yetu. Tumsikilize anayetuongoza. Masharti ya safari yakitimia tukasiri sala, lakini tusiipuuze. Na tukirudi, aliye na jamaa anayefuga umusambi nyumbani aende akazungumze naye kwa upole, amshauri amkabidhi kwa wanaohusika. Huenda kazi hiyo ikawa nzito kwake kuliko safari yenyewe, lakini ndiyo itakayobaki kwenye mizani yake.

Ewe Mola, tujaalie macho yanayotazama na kuzingatia, na mikono inayorudisha ilichokichukua bila haki. Tuonee huruma kama tutakavyowaonea huruma viumbe Wako. Amin.