Je, Siku Zikipita Haki ya Mtoto Hupita?

Tumeulizwa na baba mmoja wa Likoni: amemwacha mkewe, na miezi minane hakuwapelekea watoto masurufu, mama amewalisha kwa kukopa dukani. Je, ya nyuma yamlazimu?

Katika madhehebu yetu ya Shafi, nafaqa ya mke iliyopita ni deni. Ya mtoto hupita na siku zake, ila kadhi awe amempa mama idhini ya kukopa juu ya baba. Muulizaji aijua mas'ala hii, naye ameishika kwa mikono miwili! Lakini, ndugu yetu, kupita kwa siku kumekuondolea deni, hakukukuondolea dhambi. Wale watoto walikuwa na njaa siku hizo hizo.

Sura ya Talaka imepima matumizi kwa uwezo wa mtoaji, si kwa hasira yake. Aliyepunguziwa kazi Changamwe na aende apunguziwe kiasi, asijipunguzie mwenyewe. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 nayo yairuhusu mahkama kukibadilisha kiasi hali ikibadilika.

Nanyi akina mama, msingoje miezi minane. Nendeni kwa kadhi mwezi wa kwanza. Kivuko cha Likoni hakimtozi nauli aendaye kwa miguu.