Marejeo ni Ngamani

Mtumishi anapostaafu hukabidhi funguo, mafaili na mhuri. Kitambulisho chake cha plastiki, chenye picha, jina na cheo, nacho hutakiwa kirudishwe. Mara nyingi hakirudi. Na hata kikirudi, huishia ndani ya mtoto wa meza mpaka siku ya kufanya usafi. Swali ninalotaka tulitafakari ni jepesi kulitamka: kitu kilichobeba jina la mtu kikishamaliza kazi yake, ni mali ya nani, na nani ana wajibu nacho?

Mafia ni mahali panapofaa kuliulizia swali hili, kwa kuwa kisiwani hakuna kule mbali pa kutupia. Makao makuu ya wilaya yapo Kilindoni, na Kilindoni imekaa ufukweni. Taka za ofisi zina njia tatu tu za halali: kufukiwa, kuchomwa, au kupakiwa chomboni kuvushwa hadi Nyamisati na kuendelea kwa barabara mpaka Dar es Salaam. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ngama ni pale chini ya chombo ambapo maji hukusanyika yakingoja kuchotwa. Baharia hawezi kujifanya hayaoni, kwani yasipochotwa chombo kitazama pamoja naye.

Tuvitazame vitu vyenyewe. Kadi nyingi za vitambulisho hutengenezwa kwa PVC, plastiki ile ile ya mabomba ya maji. Ndani yake mna klorini; ikichomwa kwa moto wa kawaida wa jalalani hutoa gesi yenye tindikali na pia dioksini, sumu isiyotoweka upesi. Ikiyeyushwa pamoja na chupa za maji, huiharibu plastiki ya chupa hizo. Ama tona ya mashine ya kuchapia, huo ni unga ambao sehemu yake kubwa ni plastiki iliyosagwa laini mno, ikatiwa rangi nyeusi ya jamii ya masizi. Joto la mashine huuyeyusha unga huo ukagandama karatasini. Kwa hiyo barua nyingi tunazozisoma ofisini zimeandikwa kwa plastiki.

Mwambao huu una desturi nyingine ya kuandika. Mwanafunzi wa chuoni aliandika juu ya ubao kwa wino, akausoma, akauhifadhi moyoni, kisha ubao ukaoshwa kwa ajili ya somo la kesho. Kombe huandikwa kwa zafarani juu ya sahani, ikaoshwa, maji yakanywewa. Sisemi kwamba halmashauri iandike mihutasari yake kwa zafarani. Nasema tu kwamba watu wa kwetu walikwisha kujua kuwa maandishi yanaweza kutimiza kazi yake yote bila ya kuacha takataka.

Kuna atakayepinga: kadi za ofisi zote za Mafia ni kitu gani mbele ya chupa na nyavu zinazoletwa na mawimbi? Pingamizi hili lina uzito, na kwa hesabu ya kilo sina budi kulikubali. Lakini haki haipimwi kwa kilo peke yake. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara, na Mafia imo. Mama muuza samaki aliiacha, akabadili namna yake ya kuuza na kufunga. Ofisi iliyomtaka abadilike haikuguswa na katazo hilo. Iliendelea kugawa kadi na mikoba ya plastiki kwa semina ya siku 2, pengine semina yenyewe ikiwa ya kuhifadhi bahari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka wajibu wa kuyalinda mazingira juu ya kila mtu. Si vyema mnyonge awe wa kwanza kuutimiza, na mwenye mhuri awe wa mwisho.

Hapa ndipo neno urejelezaji linapotaka uangalifu. Kuzikusanya kadi katika boksi na kulivusha Nyamisati si kurejeleza, ikiwa hakuna anayejua boksi liliishia wapi. Huko ni kuhamisha ngama yetu na kuimwaga katika chombo cha jirani. Urejelezaji wa kweli huishia kwenye kitu kipya, nao kwa PVC ni mgumu. Basi mpango wa uadilifu huanza mapema zaidi. Mgeni wa semina apewe kipande cha karatasi ndani ya kifuko kitakachorudishwa mlangoni na kutumika tena. Kasha la tona lijazwe tena pale linapojazika, na lisipojazika lirudishwe kwa aliyeliuza, jambo hilo likiwa sharti la manunuzi. Kadi ya mtumishi isibadilishwe kwa sababu tu nembo imebadilika. Nayo ikirudi ikatwe vipande kwanza, kwa maana jina na sura ya mtu ni amana.

Nadhani sasa swali letu limepata jawabu. Wanachama wa TANU waliahidi kwamba cheo ni dhamana. Ikiwa cheo ni dhamana, basi na alama yake ni dhamana, na dhamana haishi siku mtu anapoivua shingoni. Ni ya aliyeitoa na aliyeivaa kwa pamoja, hadi hapo itakapopata mahali pake.

Kati ya Oktoba na Machi papa potwe husogea karibu na Kilindoni kula uduvi. Hufumbua kinywa na kuyachuja maji, wala hawana namna ya kuchagua kila chembe inayoingia. Uwezo wa kuchagua tumepewa sisi tulio ofisini.