Noti Zilizobaki

Nilikuwa nimejipa kazi ya kupanga wimbo mmoja wa zamani wa kanisani kwa ajili ya kikundi chetu kidogo cha nyuzi hapa Nairobi: fidla nane, viola tatu, selo tatu, besi moja. Nilianza na fidla za kwanza, kwa sababu ndizo hubeba tuni. Nikaenda kwa besi, kwa sababu nyumba lazima iwe na msingi. Selo nikazipa njia tamu za kupanda na kushuka. Fidla za pili zikafuata za kwanza kwa chini kidogo. Ilipofika saa saba usiku nikakumbuka viola. Nikaangalia ni noti gani imekosekana kwenye kila kodi (si ile ya KRA, namaanisha sauti kadhaa zinazopigwa pamoja), nikaijaza hapo, nikalala.

Jumamosi nikagawa karatasi. Kwenye safu ya viola kuna mama mmoja ambaye sote tunamwita Anti. Ni nesi, na wiki hiyo alikuwa zamu ya usiku. Tulipomaliza kupiga mara ya kwanza, wengine wakitabasamu, yeye aliweka upinde chini, akaniita.

"Kijana, nimehesabu. Kurasa mbili, noti tatu."

Nikacheka, nikidhani ni mzaha. "Lakini Anti, bila nyinyi kodi haikamiliki. Nyinyi ndio mnashikilia kila kitu."

"Hata msumari unashikilia meza," akasema. "Lakini msumari haupandi matatu mbili kuja hapa."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemwambia kwamba anahitajika. Yeye alikuwa anauliza kama nilimfikiria. Hayo ni mambo mawili, na mimi nilikuwa nimeishi miaka yangu yote nikidhani ni moja.

Kwa wale hawajawahi kuiona karibu: viola inafanana na fidla kiasi kwamba watu wengi hawazitofautishi. Ina nyuzi nne, inawekwa begani, inapigwa kwa upinde. Lakini ni kubwa kidogo, na nyuzi zake ni C, G, D na A, wakati za fidla ni G, D, A na E. Kwa hivyo ina uzi mmoja wa chini ambao fidla haina, na inakosa ule wa juu unaong'aa. Shida yake inaanzia hapo. Mwili wa fidla ni kama sentimita 35 na nusu. Ukifuata hesabu ya sauti peke yake, viola ingefaa kuwa mara moja na nusu ya hapo, yaani kama sentimita 53, na hakuna shingo ya binadamu ingeistahimili. Basi mafundi wengi huitengeneza ya sentimita 39 hadi 43 hivi, na sauti inatoka na mkwaruzo fulani, kama mtu anayeongea asubuhi kabla ya chai. Wafaransa huiita alto. Kama uliwahi kuimba alto kwenye kwaya ya shule, unayajua maisha haya: soprano wanaenda na wimbo, wewe unaimba so, so, so, fa, so hadi mwisho, na mamako akija siku ya mashindano hawezi kukusikia.

Dharau yenyewe ni ya zamani. Mwaka wa 1752 Johann Joachim Quantz, mpiga filimbi wa mfalme wa Prussia, aliandika kwamba viola huchukuliwa kama kitu kidogo, na mara nyingi hupewa wanaoanza ama wasio na kipaji kikubwa. Yeye mwenyewe hakukubaliana na hali hiyo. Alisema mpiga viola anafaa kuwa hodari sawa na mpiga fidla wa pili. Karibu miaka tisini baadaye Hector Berlioz, kwenye kitabu chake cha kupangia okestra, bado alikuwa analalamika kwamba viola wanapewa wale waliokataliwa kwenye fidla. Ona huo mduara. Watunzi wanaandika sehemu duni kwa sababu wapigaji ni dhaifu, na wapigaji hodari wanakimbia kwa sababu sehemu ni duni. Kila upande una ushahidi wake. Kuna mitaa hapa mjini imekaa hivyo, na kuna kazi zimekaa hivyo.

Sasa, nilichomwambia Anti hakikuwa uongo. Chukua kodi ya C: do, mi, so. Besi anashika do. Fidla anaimba so huko juu. Mara nyingi ile mi ya katikati inaachiwa viola. Akiishusha nusu hatua tu, wimbo wa furaha unageuka kuwa wa huzuni, na hakuna mwingine yeyote amesogea. Wasikilizaji watahisi kitu kifuani, kisha watamwangalia mpiga fidla wa kwanza.

Hadithi ya aina hii, ya umuhimu uliojificha, ni tamu sana, na siku hizi naiogopa. Wanaoisimulia kwa kawaida ni wale wa juu. Bosi anamwambia soja wa geti kwamba yeye ndiye uti wa mgongo wa kampuni, na hajui jina lake. Tunamwambia mama kwamba bila yeye nyumba haisimami, kisha tunamwachia vyombo. Ukimsifu mtu kwa kubeba mzigo, ni rahisi kusahau kwamba ni wewe uliyempa, na kwamba hukumuuliza.

Immanuel Kant, mwaka wa 1785, alitoa kanuni ambayo wanafunzi wa falsafa hukariri kabla ya mtihani: usimtumie binadamu kama chombo tu. Kanuni nzima inategemea hilo neno "tu". Kant hakusema tusitumiane. Mimi namtumia dereva wa matatu kufika tao, yeye ananitumia kulipa karo. Okestra nzima ni watu wanaotumiana. Kosa linaingia pale ambapo, ukimtazama yule mtu, huoni kingine chochote isipokuwa ile kazi. Saa saba usiku, nikitazama mstari wa viola, sikuona mtu. Niliona pengo.

Najua utasema: kwani kila mtu lazima abebe tuni? La. Viola zote zikianza kudai solo, hiyo si okestra tena, ni stage ya Githurai saa kumi na mbili jioni. Noti ndefu iliyoshikwa kimya kimya haina ubaya wowote. Kuna nyimbo ambazo zingekufa bila noti kama hiyo. Kwa hivyo swali gumu linabaki: kama si kila mtu atapewa tuni, mtunzi anamdai nini yule wa katikati? Ama tuseme, yule wa katikati anamdai nini mtunzi?

Jibu nililopata lilianza na Mozart. Mwaka wa 1779 aliandika Sinfonia Concertante, ambayo ina wapigaji wakuu wawili mbele ya okestra, fidla na viola. Tatizo lilikuwa lile lile: wakisimama bega kwa bega, mwenye mkwaruzo atamezwa na mwenye kung'aa. Mtu mwingine angemwambia mpiga viola ajitahidi. Mozart aliacha okestra ipige kwenye E-flati, lakini sehemu ya viola mkuu akaiandika kwenye D, na kumtaka mpigaji akaze nyuzi zake zote nne nusu hatua juu. Uzi ukikazwa unang'aa zaidi. Na kwenye D, vidole vya mpigaji vinapata nyuzi tupu zinazovuma vizuri. Noti zinazomfikia msikilizaji zinaoana kabisa na za okestra, lakini viola sasa anaweza kusimama pale bila kupiga kelele. Na nyuma yake, ndani ya okestra, Mozart aliwagawa viola wa kawaida katika makundi mawili, kila kundi na mstari wake.

Hicho ndicho kilinigusa. Haki hapo haikuwa kuwapa wawili hao vitu sawa. Ilikuwa kujua chombo cha mwenzako kinavyofanya kazi, na kubadilisha mazingira badala ya kumlaumu.

Alijuaje? Alipenda kupiga viola yeye mwenyewe. Bach pia, kwa ushahidi wa mwanawe Carl Philipp Emanuel, alipenda kushika viola akipiga na wenzake. Dvořák alikaa karibu miaka tisa kwenye safu ya viola ya okestra ya jumba la maigizo mjini Prague, kabla dunia haijamjua. Hawa walikuwa wamekaa katikati, wakasikia muziki ukiwapita kushoto na kulia. Na Brahms, sehemu ya kwanza ya Ein deutsches Requiem, ambayo maneno yake ni ya kuwafariji wanaoomboleza, aliwanyamazisha wapiga fidla wote. Viola wanabaki juu ya nyuzi zote. Alihitaji sauti yenye kivuli, akajua ni nani anayo.

Nilirudi kwenye karatasi yangu. Safari hii nilianza na viola, na nikajiwekea sheria moja: kila mstari niuimbe peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sol-fa, kwa sauti, hata kama majirani watanisikia. Mahali nilipochoka kuimba, nilijua hapo niliandika pengo. Ubeti wa tatu nikawapa viola tuni kwenye uzi wa C, chini kule ambako fidla haifiki hata ikitaka, na wapiga fidla nikawapa noti ndefu za kushikilia. Mmoja wao alinung'unika. Nilifurahi kidogo, nakiri, na hiyo furaha haikuwa ya maadili hata kidogo.

Lakini ubeti wa nne ulinisumbua. Kila nilichojaribu kiliharibu wimbo. Nilitaka kuonekana mkarimu, kwa hivyo nikaongeza noti hapa na pale, zikawa kama mtu anayeongea ndani ya maombi. Hapo nikaelewa kwamba kumpa mtu shughuli ili mimi nijisikie vizuri ni njia nyingine ya kumtumia. Nikafuta zote. Nikaacha noti moja, mipigo thelathini na miwili.

Jumamosi iliyofuata Anti alisoma karatasi kabla hajatoa viola kwenye mkoba. Alipofika mwisho akaniangalia juu ya miwani.

"Na hii ndefu?"

"Hapo wengine wote wanahama, Anti. Besi anashuka, fidla wanapanda, selo wanabadilisha kila kitu. Nilitaka mtu mmoja abaki, ndio anayesikiliza ajue wimbo ulitoka wapi."

Aliitazama tena ile noti. "Sawa," akasema. "Hiyo nitaishika."

Sidai kwamba maelezo mazuri yanamaliza deni. Soja wa geti anataka ujue jina lake, na pia anataka mshahara ufike kabla ya tarehe tano. Siku tulipopiga mbele ya watu, waliokuja mbele kutupongeza walimsalimia mpiga fidla wa kwanza, na Anti aliondoka mapema kuwahi zamu. Lakini tangu hapo nikiandika chochote, hata ratiba ya nani atapanga viti, najiuliza kama ninaweza kukaa karibu na mtu niliyempa kazi, nimwambie kwa nini nimempa, na sababu yenyewe isiwe kwamba nafasi ilikuwa imebaki.

Ile noti ya ubeti wa nne ilikuwa G. Nilipolinganisha karatasi mbili, ya kwanza na ya pili, nikaona ni G ile ile, mahali pale pale. Mara ya kwanza alipoipiga ilikuwa inayumba kidogo. Mara hii haikuyumba.